Pengo Kwenye Mwanga wa Ukwama

Obadia Luvanda hakuwa mtu wa kupiga simu asubuhi. Kwa hiyo alipopiga saa moja na robo na kusema, "Mama, naomba uje kabla Mkurugenzi hajafika," Rustika Chaula alijua kuna jambo, na akajua si zuri.

Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, akashuka kituoni kwa miguu. Ilikuwa Juni, na sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa bado imelala juu ya majani uwanda mzima wa Makete. Goti la kushoto lilimuuma kila alipokanyaga. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa akisema atastaafu msimu huu ukiisha.

Kituo kilikuwa majengo mawili ya bati na madishi matatu yaliyotazama juu. Darubini yenyewe haikuwepo pale. Ilikuwa angani, mbali kuliko Mwezi, kwa sababu mwanga waliokuwa wakiutafuta, ule wa urujuanimno, haufiki ardhini. Hewa ya Dunia huumeza wote. Kazi ya Makete ilikuwa kupokea kile darubini ilichoona na kukisoma.

Obadia alikuwa ameshamimina chai vikombe viwili. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Njombe, mpole, mwenye tabia ya kukagua kazi za zamani ambazo hakuna aliyemtuma azikague.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nionyeshe."

Alimwonyesha mistari miwili kwenye kioo, mmoja juu, mwingine chini. Kila mstari ulikwenda sawa kama njia ya tambarare, halafu mahali fulani ukatumbukia kama shimo, kisha ukapanda tena.

"Huu wa juu ni mwanga wa nyota ya Ukwama," Obadia alisema. "Hili ni pengo la kaboni. Ni lile lako."

"Nalijua. Na huu wa chini?"

"Ni nyota ya jirani. Haina diski ya vumbi ya kuizunguka, haina kitu. Iko nyuma zaidi, ila ukiitazama kutoka huku ni kama imeshikana na Ukwama. Haikuwahi kupimwa, mama. Nimeipima wiki iliyopita, darubini ilipopata nafasi ya muda wa saa nne."

Rustika alivaa miwani. Pengo la chini lilikuwa mahali palepale, na kina kilekile. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa ameelewa tangu sekunde ya kwanza.

Mwanga wa nyota unapopita kwenye gesi, gesi huchukua sehemu yake. Kaboni huchukua rangi zake, oksijeni huchukua za kwake, na pale palipochukuliwa hubaki pengo. Miaka thelathini na mitano iliyopita, Rustika akiwa na miaka ishirini na minane, aliona pengo la namna hiyo kwenye mwanga wa nyota moja changa iliyozungukwa na diski ya vumbi. Vumbi peke yake ni mawe yaliyosagika. Lakini gesi haikai muda mrefu karibu na nyota. Ukiiona, ujue kuna kitu kinaitoa kila siku. Barafu inagongana huko ndani, nyotamkia zinavunjika na kuvuja. Penye barafu pana maji ya kunywa, na hewa, na mafuta ya injini. Aliipa nyota hiyo jina la kijiji alichozaliwa. Miaka minne baadaye chombo kinachoitwa Hodi kiliondoka kuelekea huko, kikiwa na watu mia mbili na kumi na wanne ndani yake.

Na sasa nyota isiyo na diski ilikuwa na pengo lilelile.

"Ni wingu," Rustika alisema. "Kuna wingu la gesi njiani, kati yetu na wao. Nyota zote mbili zinapita humo."

"Ndiyo, mama."

"Gesi haiko Ukwama."

Obadia alimsogezea kikombe cha chai.

*

Mkurugenzi Anyelwisye Mwambungu alisikiliza yote akiwa amesimama, koti bado mwilini. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, mnene, mstaarabu, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hajapata likizo. Walipomaliza aliketi.

"Mna uhakika kiasi gani?"

"Gesi niliyoiona mimi ni ya wingu," Rustika alisema. "Hilo nina uhakika nalo. Kama kuna gesi nyingine kidogo huko kwenye diski, imejificha nyuma ya hiyo. Siwezi kusema ipo, wala siwezi kusema haipo."

"Lakini wakati ule ulisema ipo."

"Pengo hukaa mahali pake kulingana na mwendo wa gesi, Mkurugenzi. Nyota ina mwendo wake, wingu lina wake. Mwendo wa hivi viwili umetofautiana kidogo sana, na taa yetu ya kupimia, ile ya kutuonyesha kila rangi imekaa wapi hasa, wakati ule haikuweza kuvitenganisha. Ilinipa majibu mawili."

"Na wewe ukachagua moja."

"Nikachagua moja."

Mwambungu alifunua kalenda ya ukutani, akaitazama kama mtu anayetafuta tarehe nyingine isiyokuwepo. Wote watatu walijua anachotafuta. Hodi ilikuwa na injini ya kugeuza mwelekeo mara moja tu, na mahali pa kufanyia hivyo palijulikana tangu ilipoondoka. Palikuwa panaitwa njia panda. Wangepafikia mwaka wa thelathini na tisa wa safari. Wakinyoosha, wangefika Ukwama baada ya miaka ishirini na mmoja. Wakigeuka, wangekwenda kwenye nyota ya akiba, nyota nyekundu hafifu yenye dunia moja ya barafu tupu, baridi na giza, ambapo maji hayana shaka. Huko ni miaka arobaini na sita zaidi ya hiyo.

Safari sasa ilikuwa na miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Ujumbe hukimbia kwa kasi ya mwanga, lakini Hodi nayo inakimbia, na ujumbe ukitoka leo ungewakamata baada ya miaka saba na miezi tisa na ushee. Yaani karibu na njia panda kabisa.

"Siku kumi na sita," Obadia alisema. "Ukitoka baada ya hapo utawakuta wameshapita."

"Na usingizi?" Mwambungu aliuliza, ingawa alijua.

Watu wa Hodi walikuwa wamelala usingizi mrefu, isipokuwa wawili wawili waliopokezana zamu ya miaka miwili. Usingizi ule haukuwa salama kabisa. Katika kila miaka kumi, watu wawili au watatu hawakuamka.

"Miaka arobaini na sita ni watu kumi," Rustika alisema. "Labda kumi na wawili."

"Kwa hiyo tukiwaambia wageuke, tumeua watu kumi."

"Na tukinyamaza wakakuta mawe makavu, watakufa wote. Wakiwa macho. Kwa kiu."

"Kama ni makavu."

"Kama ni makavu."

Mwambungu alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Mama Chaula, sijui kama unanielewa. Tukinyamaza, hakuna atakayetuuliza. Watakwenda walikokusudia kwenda. Tukisema, tumeshika maisha ya watu kwa jambo ambalo wewe mwenyewe unasema hulijui."

"Nakuelewa sana."

"Basi nipe kitu cha kushika."

Ni Obadia aliyetoa wazo. Kama kuna barafu Ukwama, alisema, lazima nyotamkia zianguke kuelekea kwenye nyota mara kwa mara. Inapopita mbele ya nyota, nyotamkia huacha pengo la muda tu, la saa chache, na pengo hilo hukaa pembeni mbali na lile la wingu kwa sababu kitu kinachoanguka kina mwendo mkali. Halichanganyiki na lolote. Wageuze darubini iikodolee Ukwama bila kupepesa kwa siku tano. Wakiona hata moja, barafu ipo.

"Kipokezi cha darubini kimechoka," Rustika alisema. "Siku tano mfululizo zinaweza kukimaliza."

"Kimalize," Mwambungu alisema.

*

Ilichukua siku mbili kuigeuza darubini na kuituliza. Halafu wakakaa.

Siku ya kwanza hakukuwa na kitu. Kila dakika kumi mstari mpya ulijichora kwenye kioo na pengo la wingu likawa palepale, halitikisiki, kama mahali pa jino lililong'oka. Pembeni yake mstari ulikuwa tambarare. Siku ya pili ilikuwa vilevile. Rustika na Obadia walikula viazi na maharage kwenye meza ya kompyuta, wakapokezana kulala kwenye godoro lililowekwa chumba cha nyuma, wakasahau ni siku gani ya wiki.

Siku ya tatu mchana, ukungu ukiwa umeziba madirisha, Obadia alimuuliza jambo ambalo kila mtu pale kituoni alilijua na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mama, mdogo wako bado amelala?"

"Bado." Rustika aliweka kijiko chini. "Ameandikwa zamu ya mwaka wa thelathini na nane hadi arobaini. Yeye na fundi mmoja anaitwa Kastori."

Obadia alihesabu kimyakimya. Rustika alimwona akihesabu.

"Ndiyo," alisema. "Ni yeye atakayeupokea."

"Ratiba hiyo nani..."

"Ilipangwa kwa kura kabla hawajaondoka. Sikuigusa mimi."

Kisha akamweleza, kwa sababu alikuwa amechoka mno kukaa nayo peke yake. Melania alikuwa muuguzi wa hospitali ya wilaya, mwenye miaka ishirini na sita, asiyejali kabisa habari za nyota. Alijiandikisha Hodi baada ya kuachwa na mwanamume mmoja ambaye hakustahili hata machozi yake. Watu wa nyumbani walimlilia. Mama yao alikataa kula siku nne. Melania alimjia Rustika jikoni, akamwambia, dada, hawa wote wanaongea tu, wewe ndiye umepima. Kuna maji huko au hakuna?

"Ukamwambia yapo."

"Nilimwambia kama ninavyokuambia wewe kwamba haya ni maharage."

Obadia alitazama sahani yake.

"Ungekuwa wewe ungesemaje?" Rustika aliuliza. "Mzigo wa kusema sijui haukuwa mzito. Ningesema tu, taa yetu haitoshi, tusubiri taa nzuri zaidi. Wangesubiri miaka kumi. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minane na nyota ilikuwa na jina la kijiji chetu."

Siku ya nne haikuwa na kitu.

Siku ya tano, saa tisa alasiri, Obadia alimwita kwa sauti ambayo Rustika hakuwahi kuisikia.

Kwenye mstari, pembeni kabisa ya pengo la wingu, mahali ambapo kitu kinachoanguka kingekuwa, palikuwa pameanza kubonyea. Dakika kumi baadaye bonde lilikuwa limeshuka zaidi. Dakika kumi nyingine likashuka tena. Obadia alisimama, akaketi, akasimama. "Mama. Mama, ipo. Inapita sasa hivi."

Rustika alijikuta amemshika kijana mkono, machozi yakimtiririka bila aibu. Ipo. Watu kumi hawatakufa. Melania atafika na kufungua mlango na kukuta maji. Na yeye mwenyewe, tangu ujana wake, hakuwa amedanganya mtu.

Alikaa na furaha hiyo kwa dakika ishirini nzima. Baadaye aliwahi kusema kwamba zilikuwa dakika nzuri kuliko zote katika maisha yake ya kazi, na kwamba angeweza kuzirefusha hadi mwisho wa maisha yake kwa kutofanya lolote. Obadia alikuwa ameshaanza kuandika taarifa kwa Mkurugenzi.

"Ngoja," Rustika alisema. "Fungua sehemu tupu."

"Ipi?"

"Kule kusiko na kaboni wala oksijeni. Mahali ambapo hakuna kitu chochote kinachoweza kumeza mwanga."

Obadia alisita. Alijua anachoombwa, na uso wake ukaomba asiombwe. Lakini alifungua.

Bonde lilikuwepo hata huko. Umbo lilelile, saa ileile. Gesi haiwezi kuchukua rangi isiyo yake. Kilichokuwa kinabonyea hakikuwa mwanga wa Ukwama. Kilikuwa kipokezi chenyewe, kilichotazama siku tano bila kupumzika, na sasa kinakufa.

Kufikia saa kumi na mbili jioni mstari wote ulikuwa umekuwa chengachenga. Darubini iliyokuwa jicho la Makete kwa miaka zaidi ya thelathini haikuona tena.

Obadia aliinama akaweka paji la uso juu ya meza. "Tungeweza kutofungua," alisema.

"Tungeweza."

*

"Kwa hiyo siku tano bila nyotamkia hata moja," Mwambungu alisema asubuhi iliyofuata. "Hiyo inatosha?"

"Ingekuwa diski yenye barafu nyingi tungeona tatu, nne," Rustika alisema. "Inawezekana zilipumzika. Kama unataka nikupe namba, nasema katika nafasi kumi, nane hakuna maji ya kutosha. Sina jicho la kupima zaidi."

Alikuwa hajalala vizuri kwa wiki nzima na sauti yake ilikuwa imekauka. Mwambungu naye alikuwa amekuja na karatasi mbili. Aliziweka mezani. Moja ilikuwa imechapwa sentensi moja: Geukeni kwenda nyota ya akiba. Nyingine ilikuwa tupu.

"Kanuni inasema amri ya kubadili njia inahitaji saini ya mkurugenzi na ya aliyetoa kipimo cha kwanza," alisema. "Nitasaini pamoja na wewe. Nimekubali, kwa namba hizo. Au hatusaini, na tunakaa na karatasi hii nyingine. Amua dada yangu, mimi nimeshindwa."

Rustika alisoma sentensi ile moja.

"Haina sababu," alisema.

"Haihitaji sababu. Waliopo zamu ni watu wawili, peke yao, katikati ya giza. Ukiwapa sababu unawapa na mashaka. Wakipata mashaka watafanya nini? Watabishana. Au wataamsha watu, na kuamsha watu ovyo ni hatari, unajua wewe. Amri inawaepusha na hayo. Lawama inabaki huku kwetu."

"Nilishawahi kuwapa jibu lisilo na mashaka," Rustika alisema. "Ndilo waliloondoka nalo."

"Hapana, mama. Usilete toba yako kwenye kazi ya watu."

Maneno yalimchoma, kwa sababu yalikuwa na ukweli. Nje, Obadia alikuwa akitembea huku na huko kwenye ukumbi. Viatu vyake vilisikika.

"Watu kumi watakaokufa usingizini," Rustika alisema, "si wangu, Anyelwisye. Si wako. Ni wao. Mmoja anaweza kuwa Melania, au huyo Kastori. Nikiwaamuru bila kuwaambia kwamba sijui, nimewachukulia kitu ambacho si changu kwa mara ya pili. Waambiwe yote. Mistari yote miwili, siku zote tano, nafasi nane katika kumi. Niliyoona na nisiyoona. Halafu waamue."

"Na wakiamua vibaya?"

"Watakuwa wameamua."

"Na ukweli wako ukiwaua watu ambao amri isingewaua?"

"Hilo nalo silijui."

Mwambungu aliitazama ile karatasi tupu. Kisha aliisukuma upande wa Rustika. "Andika. Lakini utoke leo. Siku moja ikipotea huku, wao wanapoteza zaidi ya siku. Ukitoka leo watakuwa na siku kumi za kufikiri."

Rustika aliandika kwa mkono, akafuta, akaandika tena. Sehemu ya vipimo ilikuwa ndefu, na ilikuwa rahisi. Sehemu ya mwanzo ilikuwa fupi na ilimchukua saa tatu:

"Melania na Kastori. Mimi ni Rustika Chaula. Nilisema kuna gesi kwenye diski ya Ukwama. Gesi niliyoiona iko kwenye wingu njiani, haiko huko. Nadhani huko mnakokwenda hakuna maji, lakini sina uhakika, na sasa sina tena chombo cha kuupata. Taa ya kupimia ilinipa majibu mawili na mimi nikatoa moja kwa sababu nililipenda. Kosa hilo ni langu peke yangu. Mkigeuka, baadhi yenu hawataamka. Msipogeuka, huenda msiishi hata mmoja. Vipimo vyote viko hapa chini. Visomeni wenyewe, msitegemee neno langu. Melania, mama alifariki kwa amani, mwaka wa kumi na mbili tangu muondoke. Alikuwa anakula vizuri."

Walisaini wote wawili. Dishi la kati liligeuka polepole likielekea upande wa Hodi, na saa nane na dakika kumi mchana ujumbe ulianza kwenda. Uliisha kwenda baada ya dakika thelathini na tano. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Rustika alirudi nyumbani, akavua viatu, akalala na nguo zake hadi kesho yake adhuhuri.

Hakufika tena kazini. Barua ya kustaafu alimpa Obadia aipeleke.

*

Jibu lilifika baada ya miaka kumi na mitano na miezi minane.

Mwambungu alikuwa ameshazikwa kwao Tukuyu. Obadia ndiye aliyekuwa mkurugenzi, mvi zimemjaa kidevuni. Aliendesha gari mwenyewe hadi nyumbani kwa Rustika saa nne asubuhi, na alipoingia sebuleni Rustika alimtambua kwa kikohozi chake. Rustika alikuwa na miaka sabini na tisa. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na yote mawili yalikuwa yameshindikana kufanyiwa upasuaji.

"Shikamoo mama."

"Wamejibu?"

"Wamejibu. Nisome?"

"Soma."

Obadia aliketi karibu naye. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisoma peke yake mara kadhaa.

"'Dada Rustika. Ni Melania. Tumegeuka. Mimi na Kastori tulisoma vipimo siku mbili, hatukuweza kukubaliana. Yeye alitaka tunyooshe. Tukaona si haki watu wawili kuwaamulia wengine waliolala, tukawaamsha wote. Tulijua ni hatari na tuliwaamsha. Mbali na tisa waliokwisha kufa usingizini njiani, watatu hawakuamka: Fidea Haule, Erasto Mtitu na Zubeda Kilindo. Waliobaki wamesikiliza, wamegombana, wamepiga kura. Mia moja na thelathini wamesema tugeuke, sabini na wawili wamesema tunyooshe. Siku ya tisa tumewasha injini. Sasa tunarudi kulala kwa makundi, na wengine hawasemeshani. Mzee mmoja ameniambia nikuulize kwa nini hukutuamuru tu. Nimemjibu kwamba sijui, ila ningekuwa wewe nisingeweza. Nimekukasirikia siku tano, halafu nikachoka. Nina miaka ishirini na saba, dada, na leo nimegundua kwamba ulipotoa kile kipimo ulinizidi mwaka mmoja tu. Asante kwa habari za mama. Mimi nitalala wa mwisho.'"

Obadia alikunja karatasi.

Rustika alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja. Nje kuku walikuwa wakiparura kwenye bustani ya mboga za figiri, na jirani alikuwa anapasua kuni.

"Alipokuwa anaandika hayo," alisema, "alikuwa hajui kama nipo hai."

"Hakujua. Na mama, hata tukijibu leo, watakuwa wamelala. Labda aliye zamu atamsomea akiamka."

"Amri ya Anyelwisye isingewaua wale watatu."

Zamani Obadia angemfariji. "Isingewaua," alisema.

"Nisomee tena majina yao."

"Fidea Haule. Erasto Mtitu. Zubeda Kilindo."

"Ndugu zao wapo?"

"Nimetafuta kabla ya kuja. Zubeda alikuwa wa Kilwa, ana wapwa huko. Erasto sijapata bado. Fidea kwao ni Lupila. Ana kaka yake, mzee sana, lakini yupo."

"Ameambiwa?"

"Bado. Tumezoea kuandika barua."

"Lupila si mbali," Rustika alisema.

"Saa mbili kwa gari. Barabara imeharibika kidogo."

"Tuanze na huyo wa karibu." Akaanza kupapasa sakafu kwa miguu, akitafuta viatu vyake.